Wakubwa Huamka Mwisho

Mabaya ya nchi hii yamekwisha kusemwa na wenyeji wake, tena kwa ufasaha, kwa hiyo hapa yatasemwa mazuri tu. Ni nchi yenye adabu. Na adabu yake kuu, ile ambayo mtoto hufundishwa kabla ya kusoma na kuandika, ni kwamba mkubwa hatangulii kufika. Watoto huja kwanza, wakapangwa juani na vibendera vyao. Wananchi hufuata. Kisha makarani, walimu wakuu, madiwani, wakurugenzi, na kadiri cheo kinavyopanda ndivyo saa inavyosogea. Harusi iliyoandikwa saa nne huanza saa tisa, na hakuna anayenung'unika, maana kila mtu anajua kwamba bwana harusi ana jamaa yake serikalini. Mkutano ukianza kwa wakati, watu hutazamana kwa huruma: kumbe hakualikwa mtu wa maana.

Juu ya wote yuko Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye ukubwa wake umefikia daraja la kutofika kabisa. Huletwa kiti chake, kikapigiwa makofi, kikarudishwa.

Mmoja wa watu walioielewa adabu hii mpaka kwenye uboho alikuwa Dakta Shomvi Mapande, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Vifurushi. Udakta wake alitunukiwa na chuo kimoja ambacho, bahati mbaya, kilifungwa kabla hajapata nafasi ya kuuliza ni udakta wa nini. Alikuwa mtu mpole, mnene kiasi cha heshima, na alikuwa na shauku moja tu duniani, nayo ni uwaziri. Aliuota usiku, akaufanyia mazoezi mchana. Alikwisha jifunza kuchelewa dakika arobaini bila jasho, na watu waliomjua walisema bado kidogo tu atafikia saa mbili.

Alikuwa pia na mama, Bi. Zamda, aliyekuwa amelazwa Hospitali Kuu. Mapafu yake yalichoshwa na moshi wa kuni, kwa kuwa alimsomesha huyo Dakta kwa kukaanga maandazi tangu akiwa darasa la kwanza. Sasa alikuwa anapumua kwa msaada wa oksijeni iliyoletwa kwa bomba ukutani. Dakta alimpenda mama yake. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye msomaji anaweza kulitilia shaka.

* * *

Kifurushi, kwa lugha ya Mamlaka, ni programu ya kompyuta iliyofungwa pamoja na maelekezo yake. Nchi ilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyoitwa Mtambo Mkuu wa Taifa, ikikaa kwenye chumba cha baridi chini ya ardhi pamoja na jenereta yake, na kila wizara ilikuwa na kifurushi chake ndani yake. Kimoja kilisukuma maji, kimoja kiligawa umeme, kimoja kiliendesha hospitali, hata milango na hewa za wagonjwa, kwa sababu Waziri wa Afya hakupenda kuona kitu chochote kinajiendesha bila idhini.

Sasa kompyuta ikiwashwa huwa haijui kitu, kama mtu aliyeshtushwa usingizini. Huamka ndani yake programu moja tu, na kazi ya hiyo moja ni kuziamsha nyingine. Wataalamu waliiita Mwamshaji.

Mwamshaji wa zamani aliitwa Kengele. Kengele ilikuwa na akili ya kijeshi: kila kifurushi kilipewa namba, ikaita moja, ikaita mbili, mpaka tisini na tisa, ikalala. Ingeendelea hivyo milele kama waziri mmoja hangegundua, katika kikao cha chai, kwamba kifurushi cha wizara yake kina namba saba. Saba! Yaani kila Mtambo utakapowashwa, yeye ataamka na wafagiaji. Alijiuzulu kwa saa moja, akarudi na namba tisini na tisa. Kabla ya juma kwisha kila wizara ilikuwa tisini na tisa.

Hapo Kengele ilipaswa kuchagua miongoni mwao, na kwa kuwa haikuwa na akili nyingine, ikachagua kwa mpangilio wa herufi za jina. Wizara zikaanza kubadili majina. Wizara ya Afya ikawa ya Zahanati. Wizara ya Umeme ikawa ya Zana za Umeme. Wizara ya Maji, iliyokuwa na waziri mjanja, ikaitwa Ziwa, Mito na Chemchemi, ikawapita wote. Mibao ikachorwa upya nchi nzima, na kwenye mibao hiyo ndiko ilikokwenda rangi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya shule. Wananchi wenyewe waliendelea kusema Afya, Umeme na Maji, na hapa tutawafuata wananchi.

Ndipo washauri kutoka nje wakaleta Mwamshaji mpya, Jogoo. Jogoo hakuhesabu namba wala herufi. Aliuliza kila kifurushi swali moja: wewe unamsubiri nani? Ukisema husubiri mtu, anakuamsha papo hapo. Ukisema unamsubiri fulani, anamwamsha fulani kwanza, ndipo anakurudia.

Nchi ikapasuka pande mbili. Wanakengele walisema Jogoo ana tamaa: leo anaamsha, kesho anashika funguo, keshokutwa anatunza kumbukumbu, mtondo anaamua nani alale. Wanajogoo walisema Kengele ni kikongwe, na kikongwe hapewi nchi. Ndoa zilivunjika. Imamu mmoja na padri mmoja, waliokuwa hawajawahi kukubaliana kitu, walikubaliana kumlaani Jogoo, kisha wakakosana kuhusu maneno ya laana. Nani katika hao alikuwa amewahi kuuona Mtambo? Hakuna. Lakini ni tabia ya nchi hiyo kwamba jambo likiwa halijulikani ndipo hupiganiwa vizuri.

Bunge likakaa, likapitisha Azimio, ambalo nalinukuu lote kwa kuwa ni fupi: "Vifurushi vyote vitaunga mkono waamshaji wote wawili, pale itakapowezekana, bila kulazimishwa, na asiyeunga mkono ataunga mkono haki ya wengine kuunga mkono." Wabunge waligonga meza mpaka mmoja akaumia kiganja, akapelekwa kutibiwa nje.

* * *

Utekelezaji ulimwangukia Dakta Shomvi, naye akautekeleza kwa bidii isiyo na kifani, yaani aliandika barua kwa kila wizara akazitaka zitekeleze.

Wizara zilitii. Upande wa Jogoo, kila moja ilijaza jibu la lile swali la unamsubiri nani. Upande wa Kengele, kila moja iliandika tamko.

Aliyeliona tatizo alikuwa Mhandisi Twilumba, mkuu wa chumba cha Mtambo, mwanamke aliyesoma nje mpaka akachoka kusoma na kurudi nyumbani kupata cheo. Alimfuata Dakta ofisini.

"Mheshimiwa, kuna jambo dogo. Kwa Jogoo, kila wizara imeandika kwamba itaamka baada ya wengine wote."

"Vizuri sana," alisema Dakta. "Hiyo inaonyesha mshikamano."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Sasa ataanza nani?"

Dakta alimtazama juu ya miwani. "Hilo ni swali la kiufundi, Mhandisi."

"Ndiyo. Na kifurushi chetu sisi, cha Mamlaka, tuandikeje?"

"Wengine wameandikaje?"

"Baada ya wengine wote."

"Unataka sisi tuonekane wadogo?"

Twilumba akaandika. Hakuwa mjinga, wala hakuwa shujaa. Alikuwa anajua kwamba ukweli, katika jengo lile, husemwa mara moja tu na kwa sauti ya kawaida, halafu mtu anarudi kwenye kiti chake. Mbona Mtambo ulikuwa unafanya kazi vizuri? Ulikuwa unafanya kazi kwa sababu haukuwahi kuzimwa tangu siku uliponunuliwa. Matamko yote, namba zote na majina yote mapya yalikuwa yamelala ndani yake yakingoja siku moja tu, siku utakapozimwa na kuwashwa.

Siku hiyo Dakta Shomvi aliipangia sherehe.

* * *

Uzinduzi wa Jogoo ulifanyika uwanjani, na waya mrefu ukavutwa kutoka chini ya ardhi hadi kwenye jukwaa ili swichi ipate kuonekana na taifa. Watoto walikuwapo tangu alfajiri. Mawaziri walifika adhuhuri, wakizungukazunguka kwanza mjini kwa magari, kila mmoja akimtuma mtu kuchungulia kama mwenzake amekwisha kaa. Kiti cha Mtukufu Mlezi kilifika mwisho, na bendi ikakipigia.

Dakta Shomvi alihutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "taifa lisilolala haliwezi kuamka! Na taifa lisiloamka, litalalaje? Leo tunalala kwa hiari yetu ili tuamke kwa heshima yetu. Jogoo huyu akiwika, hata ambaye hakulala ataamka!"

Makofi. Akazima Mtambo. Feni za jukwaani zikasimama, kipaza sauti kikakata kauli, na mabomba ya uwanja yakakohoa mara moja yakanyamaza. Akawasha. Kwenye skrini kubwa likatokea neno moja, INASUBIRI, na chini yake majina ya wizara zote, na mbele ya kila jina: wengine wote.

Watu walidhani ni sehemu ya programu ya sherehe, wakapiga makofi. Bendi ilipiga wimbo wa taifa, ikaurudia, ikaurudia tena. Katika ofisi nyingi za serikali siku iliendelea kama kawaida na hakuna aliyetambua tofauti. Waliotambua ni wale wenye ndoo mkononi, wenye mashine za kusaga, na wagonjwa.

Simu ya Dakta ililia mfukoni akiwa bado ameshika swichi.

"Shomvi, mwanangu," ilikuwa sauti ya Bi. Zamda, nyembamba, ikikatika kila baada ya neno. "Ile hewa ya ukutani... imekata."

"Mama, usiwe na wasiwasi. Suala lako liko kwenye mchakato."

"Hapa wana mtungi mmoja. Tunagawana... wodi nzima."

"Tulia mama. Naja kulishughulikia sasa hivi."

Na kweli alishuka mbio kwenye chumba cha Mtambo, akawapita hata walinzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apande cheo.

* * *

"Turudi kwa Kengele!" alimwambia Twilumba. "Si Azimio limesema vifurushi vyote viunge mkono wote wawili?"

"Vinaunga mkono, Mheshimiwa. Tazama."

Twilumba akairudisha Kengele. Kengele ikaita Afya. Kifurushi cha Afya kikafumbua jicho, kikaandika kwenye skrini: "Wizara inaunga mkono Kengele kwa dhati na kwa vitendo," kikalala. Ikaita Umeme. "Naunga mkono hoja!" kikalala. Ikaita Maji, na Maji ikatoa kurasa tatu zilizoanza na salamu kwa Mtukufu Mlezi, ikalala. Kengele ilifika mwisho, ikajihesabu imemaliza kazi, nayo ikalala.

Dakta aliketi juu ya boksi la nyaya. "Sasa?"

"Ni kumrudia Jogoo, na kifurushi kimoja kikubali kutangulia," alisema Twilumba. "Kimoja tu kiandike kwamba hakimsubiri mtu. Hao wengine nitawapanga mwenyewe, kimyakimya. Wa pili hana aibu, wala wa tatu, hakuna anayechunguza. Aibu yote ni ya wa kwanza, kwa sababu Jogoo hutangaza jina lake kwenye skrini zote za nchi."

"Kwa nini anatangaza?"

"Waliomtengeneza walidhani ni sifa."

Kisha Twilumba akasema, kwa sauti ya kawaida na mara moja tu, "Chetu cha Mamlaka kiko hapa, Mheshimiwa. Ni neno lako tu."

Dakta Shomvi alifungua kinywa. Hilo nalo lisemwe: alikifungua. Lakini wiki hiyohiyo ilikuwa imenong'onwa kwamba Mtukufu Mlezi anatafuta Waziri wa Uamsho, na Dakta aliona mbele ya macho yake skrini za nchi nzima, kuanzia vituo vya mabasi hadi Ikulu, zikiandika: WA KWANZA KUAMKA, MAMLAKA YA VIFURUSHI, MKURUGENZI DK. S. MAPANDE. Aliwaona madereva wakicheka. Nani aliwahi kumwona waziri aliyeamka wa kwanza?

"Ngoja kwanza niwasiliane na wadau," alisema.

Alimpigia Waziri wa Afya. Mheshimiwa Ndelwa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza. "Dakta, mimi ningetangulia hata sasa hivi, Mungu ni shahidi. Lakini hospitali bila umeme ni nini? Ni majengo. Mwambie wa Umeme."

Alimpigia wa Umeme, Mheshimiwa Bulemba. "Ndugu yangu, umeme wetu unatoka kwenye mabwawa. Maji ndiyo yanatangulia, hata mtoto wa chekechea anajua. Mimi nani nimpite Maji?"

Alimpigia wa Maji, Mheshimiwa Kasongwa, mwenye herufi ya ushindi. "Pampu hazina umeme, Dakta. Pampu bila umeme ni chuma chakavu. Halafu nisikilize kwa makini. Mimi nimebadili jina la wizara, nimebadili mibao nchi nzima, nimegombana na mke wangu kwa ajili ya kuwa wa mwisho. Leo unaniambia niwe wa kwanza? Nimekukosea nini?"

"Mama yangu yuko kwenye oksijeni, Mheshimiwa."

"Pole sana. Mpe salamu zangu. Mwambie serikali iko naye."

Simu ililia tena. Safari hii Bi. Zamda alikuwa anavuta pumzi ndefu kabla ya kila neno, na nyuma yake mtu alikuwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili. Ni wauguzi waliokuwa wakipokezana kuwapulizia wagonjwa hewa kwa mkono.

"Wameniambia hapa... kwamba anatakiwa mmoja tu... wa kuanza. Kweli?"

"Ni kweli mama, lakini si rahisi kama—"

"Nyumbani kwetu... nani alikuwa anaamka wa kwanza?"

Dakta alivua miwani.

"Mimi. Kabla ya jogoo wa kweli... nawasha moto. Nyie mkiamka... chai iko tayari. Nilipungukiwa nini, Shomvi?"

"Hukupungukiwa, mama."

"Basi amka wewe. Ni leo tu. Amka wewe, mwanangu."

Machozi yalimlengalenga Dakta Shomvi, machozi ya kweli. Alimgeukia Twilumba, aliyekuwa ameweka vidole tayari juu ya vibonyezo. Akaitazama skrini. Akaiona tena ile WA KWANZA KUAMKA.

"Mama," alisema kwa upole, "yale yalikuwa maandazi. Hii ni serikali."

* * *

Hakukaa bure, na asisingiziwe kwamba alikaa bure. Aliunda Kamati ya Dharura ya Kumpata wa Kutangulia. Wajumbe wote walialikwa saa nane na wote wakafika saa kumi, kasoro Mheshimiwa Kasongwa, aliyeshinda kwa kufika saa kumi na robo. Chai ilikuwa baridi kwa kukosa umeme, na jambo hilo lilijadiliwa kwanza.

Yalitolewa mapendekezo mengi. Mmoja alisema Jogoo alazimishwe kutotangaza. Mwingine alisema iundwe wizara mpya, ndogo, isiyo na heshima, ili iwe inatangulia. Wakaipenda sana, wakaipa mpaka jina, kisha akapatikana mjumbe aliyetaka kuiongoza mradi awe na gari, na alipopewa gari ikawa wizara yenye heshima, ikakataa kutangulia. Mwingine alisema watangulie wananchi, kwa kuwa wamezoea. Wote walilipigia makofi wazo hilo mpaka Twilumba, aliyeitwa kama mtaalamu, alipoeleza kwamba wananchi hawana kifurushi ndani ya Mtambo.

"Hata kimoja?"

"Kilikuwapo kimoja cha malalamiko, Mheshimiwa. Kilifutwa kupata nafasi."

Ikapigwa kura. Karatasi ilikuwa na machaguo saba, na mjumbe alitakiwa kuyapanga kuanzia analolipenda zaidi hadi analolichukia. La saba liliwekwa kwa ajili ya utaratibu tu: Majadiliano yaendelee. Likashinda kwa kishindo. Hapakuwa na mjumbe aliyelipinga, na Dakta Shomvi, aliyekuwa mwenyekiti, alikuwa anasoma matokeo kwa sauti simu ilipolia mara ya tatu.

Hakuwa Bi. Zamda. Alikuwa Mjomba Mbwana, mdogo wake Bi. Zamda, mshona viatu, aliyekuwa amekaa na dada yake tangu asubuhi.

"Shomvi," alisema. "Mtungi umekwisha. Wale mabinti wamepuliza mpaka mikono imekufa ganzi. Mama yako ametutoka."

Dakta alilia. Alilia mbele ya kamati nzima, mabega yakitikisika, na hakukuwa na hila yoyote katika kilio chake. Wajumbe walisimama dakika moja kumkumbuka marehemu. Kisha, kwa kuwa majadiliano yalipaswa kuendelea, yakaendelea.

* * *

Asubuhi ya mazishi gari la Ikulu lilimletea bahasha. Mtukufu Mlezi alikuwa amepata habari za namna Mkurugenzi yule alivyosimama imara siku nzima, asiyumbe, asitangulie, hata damu yake mwenyewe ilipomlilia. Mtu kama huyo, bahasha ilisema, ndiye anayetakiwa na nchi. Dakta Shomvi Mapande alikuwa Waziri wa Uamsho.

Alisoma akiwa amevaa kanzu ya msibani. Akakaa kitandani. Angeweza kuificha ile bahasha mpaka jioni, akaenda kumzika mama yake kama mtoto wa mtu. Lakini habari ilikuwa imekwisha tangazwa redioni, na wenzake watatu wakatangaza kwamba watakuja kumzika mama wa waziri mwenzao. Jana angekuwa mkurugenzi, na mkurugenzi huwatangulia mawaziri, hakuna neno. Leo alikuwa waziri. Na waziri mpya anayewahi siku yake ya kwanza hubaki hivyo maisha yake yote, akikaribishwa kwenye mikutano na wapanga viti.

"Chande," alimwambia dereva, "tupite nyuma ya msikiti tusimame kidogo."

Walisimama kwenye kivuli cha ukuta. Upande wa pili wa mtaa, mbele ya duka la vitunguu, lilikuwa limesimama gari jeusi la Mheshimiwa Bulemba. Karibu na kisima lilionekana la Mheshimiwa Ndelwa, vioo vimefungwa. La Kasongwa halikuonekana, lakini wote walijua liko mahali.

Watu wa mtaani walikuwa wamejaa msikitini na nje yake. Hawakuwa wanangoja mtu. Kwao maiti haicheleweshwi, hiyo nayo ni adabu, ya zamani kuliko ile nyingine. Waliswali, wakainua jeneza.

"Shomvi," Mjomba Mbwana alipiga simu, akihema. "Jeneza liko mabegani. Uko wapi?"

"Niko karibu, mjomba."

"Karibu wapi?"

"Hapa nyuma ya msikiti."

"Nyuma ya msikiti? Unafanya nini huko? Wewe ndiye mwana, wewe ndiye wa kuingia kaburini kumpokea. Unangoja nini?"

"Waziri wa Maji hajaingia."

"Nilidhani unalia," alisema mjomba, kisha akakata.

Jeneza lilipita mwisho wa mtaa. Dakta aliliona kupitia kioo cha gari, jeneza jembamba, likienda haraka kama linavyopaswa kwenda, watu wakipokezana kulibeba. Aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango. Chande alizima redio na kutazama mbele.

"Bulemba ameondoka?" aliuliza Dakta.

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi tumpe nafasi."

Ilipita muda. Mheshimiwa Ndelwa ndiye aliyeshindwa kwanza, kwa kuwa joto lilikuwa kali na alikuwa na kikao kingine cha kuchelewa. Gari lake liliondoka kuelekea makaburini. Bulemba akalifuata. Hatimaye, kutoka nyuma ya kiwanda cha barafu kisichokuwa na barafu, likatokea gari la Kasongwa, likapita polepole, na Kasongwa mwenyewe akapunguza kioo na kumwinamishia kichwa Dakta Shomvi, namna wachezaji wanavyofanya wakifungwa kihalali.

"Twende," alisema Dakta.

Makaburini watu walikuwa wanatawanyika, wameshika viatu mkononi. Mawaziri watatu walikuwa wamesimama kando wakiwa hawajui pa kuweka mikono. Kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa, udongo umelowanishwa kwa maji ya ndoo yaliyotoka kwenye kisima cha jirani, na majani mabichi yamechomekwa kichwani. Mjomba Mbwana, kanzu imejaa udongo mpaka kifuani, kwa kuwa ndiye aliyeingia kumpokea dada yake, alikuwa anaosha mikono.

Dakta alimkaribia, akaufungua mdomo aseme neno.

"Tumemaliza, Mheshimiwa," alisema Mjomba Mbwana. Alimlea kijana huyu, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. Akachukua jembe lake akaenda.

Dakta Shomvi akabaki peke yake mbele ya kaburi la mama yake. Aliinua mikono kuomba dua. Kisha, kabla hajaanza, akageuka akaitazama njia aliyojia, akaitazama vizuri mpaka mwisho. Hakukuwa na gari jingine.